Jinsi ya Kulala Mkavu Tezini

Ukitaka kumjua mwenye boti, usitazame tanga lake wala rangi ya ubavuni. Nenda tezini, fungua mfuniko wa stoo, ondoa ndoo, kamba kuukuu na jaketi la kuokolea lililoota ukungu, kisha tia mkono nyuma ya shafti ya usukani. Mkono ukitoka mkavu, mtu huyo mpe hata mwanao amvushe Pemba. Ukitoka na maji, chumvi iliyoganda, grisi nyeusi na kipande cha soksi kilichofungwa kwa waya, basi umempata msomaji wa mwongozo huu.

Boti za tanga za kisasa, zile za faiba ambazo wasafiri huja nazo kutoka Shelisheli na Madagaska wakatia nanga Tanga, Kilifi na Mtwapa, nyingi zimetobolewa tumboni. Waliozichora waliona kwamba usukani ukining'inia chini ya boti, ndani kidogo ya ukingo wa tezi, hukigeuza chombo kwa wepesi kuliko ukitundikwa nje. Ni kweli, huwa chepesi sana. Lakini ili ubao ule ugeuke, lazima shafti yake ipande hadi ndani ikutane na kana au gurudumu, na ili ipande lazima ipite kwenye tundu. Nahodha wa jahazi pale Malindi, Unguja, ambaye usukani wake umetundikwa nje kwenye fashini kwa bawaba za chuma, akisikia habari hizi atakuuliza kwa upole: “Mwanangu, chombo kizima umekitoboa chini ya maji kwa hiari yako?” Mjibu kwa adabu, “Ndiyo, mzee,” kisha rudi ukalitazame tundu lako. Yeye ana taabu zake za kukalafati mbao kila msimu, lakini taabu hii hana.

Tulipime tundu hilo. Bomba la usukani lenye upana wa milimita 50, likiwa wazi sentimita 30 chini ya maji, huingiza karibu lita 170 kila dakika. Kwa saa moja ni zaidi ya lita 10,000, yaani tani 10 za bahari ndani ya chombo ambacho pengine chenyewe hakifiki tani hizo. Pampu ndogo ya volti 12 wanayoipenda wenye boti huandikwa kwenye boksi lake kuwa inatoa galoni 500 kwa saa. Hizo ni kama lita 1,900, tena ni hesabu ya pampu isiyopandisha maji popote, yenye nyaya safi na betri iliyoshiba.

Na tone je? Tone moja kila sekunde ni zaidi ya lita 4 kwa siku. Iache boti mwezi mmoja ukale harusi Moshi, utarudi ukute lita 130 za maji ya chumvi zimesambaa chini ya betri, zimepanda kwenye godoro la kitanda cha nyuma na kuila waya ya usukani uzi kwa uzi.

Hapa ndipo ninapoachana na wapenzi wa pampu. Yuko mtu ambaye boti yake ikivuja hununua pampu. Ikizidi kuvuja hununua ya pili. Mwisho ngama yake imejaa pampu, nyaya na swichi za kuelea, na maji bado yapo. Pampu hufua maji, haizibi tundu. Betri ikiisha usiku, pampu zote hulala pamoja, na maji hayalali. Kuwa na pampu nzuri, tena mbili, na ya mkono iwe ya tatu. Lakini kila pampu inapolia bila sababu unayoijua, hesabu kwamba ni kengele, uamke ukatafute.

Kutafuta ndiyo nusu ya kazi, na ndiyo nusu inayorukwa. Usishike spana kabla hujajua maji yanatokea wapi, kwa sababu shafti ya usukani husingiziwa sana. Wahenga walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, na maji nayo yanayaweza hayo: yatoke omo kwenye kisanduku cha mnyororo, yatoke kwenye bomba la choo, yatoke kwenye shafti ya propela, yote hukutana ngamani yakiwa na sura moja. Kuyatazama pale hakukuambii kitu.

Kwa hiyo kausha kwanza. Fua maji yote, pangusa kwa taulo, suuza sehemu yote ya tezini kwa maji baridi ya bomba ili chumvi iondoke, maana chumvi iliyoganda hunyonya unyevu wa hewa na kukuonyesha uvujaji ambao haupo. Pangusa tena, acha upepo upite. Sasa chukua karatasi ya chooni uizungushe mahali patatu: chini kabisa pale bomba la usukani linapoungana na mwili wa boti, katikati ya bomba, na juu, chini ya nati ya glandi, kile kikombe kinachoziba mdomo wa bomba. Nyunyiza poda ya mtoto kuzunguka bomba zima. Jikunje humo ndani na tochi, na mwenzako ageuze usukani kutoka upande hadi upande.

Hakuna kitu? Usishangilie. Boti nyingi hazivuji zikiwa zimetulia, kwa sababu mdomo wa bomba umepandishwa juu kidogo ya usawa wa maji. Toka nje ukimbize injini. Boti ikishika kasi tezi hudidimia, na mdomo uliokuwa juu ya maji sasa uko chini yake. Au ngoja kusi, uondoke Dar es Salaam kuelekea Tanga, mawimbi yakikufuata nyuma na kuinyanyua na kuizamisha tezi kwa zamu, boti imelala upande. Ndipo utakapoliona: tone linachungulia chini ya nati, linasita, linanenepa, kisha linaachia na kushuka ubavuni mwa bomba likichora mfereji kwenye poda nyeupe. Shafti ikigeuzwa kushoto linakuja la pili mara moja. Ikigeuzwa kulia kunatulia. Shika hapo. Tofauti hiyo ya kushoto na kulia ina maana kubwa, tutairudia.

Lionje tone hilo kwa ulimi. Lionje lenyewe, usionje maji ya ngamani, kwani hata maji ya mvua yakilala ngamani siku mbili hushika chumvi. Likiwa tamu, ni mvua ya masika imepenya kwenye skrubu za sitaha au kwenye mfuniko wa stoo, nawe uiache shafti ya watu. Likiwa la chumvi na karatasi ya juu ndiyo iliyolowa kwanza, una kazi ya pakingi au sili. Ikilowa ya chini huku ya juu ni kavu, bomba lenyewe limepasuka au limeachana na faiba, na hata ukikaza nati mpaka uvunjike mkono hutazuia tone moja.

Kuna jambo la pili la kufanya kabla ya spana, na hili ni la boti iliyo nje ya maji. Piga magoti nyuma yake, shika ncha ya chini ya ubao wa usukani kwa mikono miwili, tikisa kulia na kushoto, kisha mbele na nyuma. Mwenzako awe ndani, ameweka kidole kimoja kikigusa shafti na mdomo wa bomba kwa wakati mmoja. Akihisi shafti inatembea ndani ya bomba, na wewe ukisikia “kok, kok” kutoka chini, bushi zimekwisha.

Mafundi wengi wazuri hukasirika hapa, na mimi naungana nao. Kazi ya pakingi ni kuzuia maji. Kuibeba shafti ni kazi ya bushi. Shafti inayopigapiga huitanua pakingi mpya ikawa na tundu la umbo la yai baada ya safari chache, maji yakapita upande mmoja, ule ambao shafti imeukimbia. Ndiyo ile tofauti ya kushoto na kulia. Mwenye boti hukaza, hununua pakingi nyingine, hukaza tena, na kila mwaka hulaani duka lililomuuzia, wakati bushi ya bei ndogo inalia huko chini isisikilizwe. Ukibadili pakingi kwenye shafti inayocheza umetupa pesa yako. Badili bushi kwanza.

Bushi za nailoni zina ukorofi wa kinyume chake. Nailoni hunywa maji ikavimba, ikaibana shafti, usukani ukawa mzito. Mwenye boti hudhani glandi imekazwa mno, huilegeza, usukani unabaki mzito vilevile na sasa boti inavuja. Ichonge bushi kidogo kutoka ndani, au weka ya asetali, ile wengi wanayoijua kwa jina la Delrin, ambayo hainywi maji kiasi hicho.

Sasa glandi yenyewe. Ni kikombe cha bronzi kilichofungwa juu ya bomba, shafti ikipita katikati. Kati ya shafti na ukuta wa kikombe kuna nafasi ya duara, na humo hukaa pete tatu au nne za pakingi: kamba yenye pande nne, iliyosukwa kwa kitani na kulowekwa shahamu, au iliyotiwa Teflon. Nati kubwa ya juu ikikazwa huzigandamiza pete, nazo hutanuka kwa ubavu na kuikumbatia shafti. Injini za mvuke zilizibwa kwa njia hiyohiyo, na ikifanywa kwa uangalifu bado inafanya kazi kuliko vitu vingi vinavyouzwa kwenye tyubu.

Kama boti iko majini, kabla ya kugusa nati hamishia uzito omo: madumu ya maji, mnyororo wote wa nanga, na jamaa waliokuja kuangalia. Tezi ikiinuka sentimita chache, mara nyingi mdomo wa bomba huibuka juu ya maji na kazi ikafanyika pakavu. Wakataze wale jamaa wasirudi nyuma kukuchungulia, maana yupo mmoja atakayerudi. Glandi ambayo hata baada ya hapo inabaki chini ya maji usiifungulie majini. Hiyo ngoja upandishe chombo.

Utahitaji spana malaya mbili kubwa, moja ya kushika na moja ya kugeuza, kwa sababu nati ziko mbili: moja hubana pakingi, nyingine huifunga ile ya kwanza isirudi nyuma. Ukitumia spana moja utalizungusha bomba zima ulipasue kwenye faiba, na ulikuja kurekebisha uvujaji mmoja utaondoka na miwili.

Pete kuukuu hutolewa kwa kifaa chenye ncha ya skrubu kama kile cha kuzibulia chupa. Usipokuwa nacho, zungushia skrubu ndefu ya mbao katikati ya pakingi, mbali na shafti, kisha ivute kwa koleo. Usichokonoe kwa bisibisi, maana mkwaruzo mmoja ubavuni mwa shafti ni mfereji wa kudumu. Pete mbili za juu hutoka kwa urahisi na mtu akafurahi. Ya mwisho hujificha chini kabisa, nyeusi, ngumu, imeshikana na chuma mpaka unaidhani ni sehemu ya kikombe. Chunguza kwa tochi, gusa kwa skrubu. Isipotoka, pete mpya zitakaa juu sana, nati itashika nyuzi mbili tatu tu, na kazi yote imeharibika.

Shafti ikiwa wazi, ipitishie ukucha polepole kutoka juu kwenda chini. Ukucha ukikwama, kuna vidonda. Watu hushangaa kuona stenlesi imeliwa, kwa sababu waliambiwa haishiki kutu. Stenlesi hujilinda kwa utando mwembamba unaohitaji hewa ili ujirudishie. Ikifunikwa na pakingi yenye maji yaliyosimama miezi na miezi, hewa hukosekana, utando hufa, na chuma huanza kuoza kwa vishimo vidogo vyenye machozi ya rangi ya kutu. Ndiyo maana boti iliyoegeshwa mwaka mzima huharibika shafti kuliko ile inayosafiri. Vidonda vidogo vilainishe kwa msasa mwembamba, ukiuzungusha kuizunguka shafti. Usisugue juu chini, kwa sababu kila mstari wa juu chini ni njia ya maji kupandia. Vishimo vikiwa virefu, shafti hiyo iende kwa fundi wa mashine akaijaze au akaibadili, na usiku huo usilale ukidhani grisi itasaidia.

Saizi ya pakingi usiikisie. Pima upana wa ndani wa kikombe, toa unene wa shafti, gawa kwa mbili. Kikombe cha milimita 56 na shafti ya 40 hudai pakingi ya milimita 8. Huna kalipa? Chukua keekee za kutobolea chuma, jaribu mashina yake kwenye ile nafasi mpaka upate linaloingia bila kucheza. Hilo ndilo kipimo chako, nenda nalo dukani.

Kukata ndiko ninakokupenda. Tafuta kipande cha bomba chenye unene uleule wa shafti, zungushia pakingi mara nne bila kuivuta sana, kisha wembe mpya upite kwa mshazari kukata mizunguko yote kwa pamoja. Zitadondoka pete nne zilizo sawa, na kila moja ukiivika kwenye shafti ncha zake mbili zitakutana kwa ule mshazari, moja ikilalia nyingine, bila pengo na bila kupandana. Pengo la milimita moja linavuja. Kupandana kwa milimita moja kunaacha kinundu kinachozuia pete kukaa. Zikate upya mpaka zikae. Kuna wanaozungusha kamba moja ndefu kutoka chini hadi juu ili wasisumbuke kukata. Wamewachorea maji ngazi ya kuzunguka kutoka baharini hadi ndani.

Paka kila pete grisi isiyooshwa na maji, iingize, isukume mpaka chini kwa kipande cha bomba la plastiki ulichokipasua katikati kikaishika shafti pande zote. Kiungo cha pete ya kwanza kikiwa kimeelekea omo, cha pili kiwe kushoto, cha tatu tezi, cha nne kulia. Viungo visikutane hata kimoja. Rudisha nati kwa mkono mpaka ishike.

Sasa anakuja mtu wa kukaza. Huyu anaamini kwamba nati ikikazwa nusu mzunguko inafaa, basi ikikazwa mizunguko miwili inafaa mara nne. Pakingi iliyonyongwa hukamuliwa shahamu yote, ikawa kavu na ngumu, ikaanza kuisaga shafti. Usukani nao hushikwa mpaka mshika kana anaumwa mabega, na ile mashine ya kushika usukani yenyewe inakula betri na kufa katikati ya mkondo wa Pemba. Kaza robo mzunguko, geuza usukani pande zote mara kadhaa, kaza robo nyingine. Acha unapohisi usukani umeanza kuwa mzito, rudisha nyuma kidogo sana, funga nati ya pili. Baada ya safari ya kwanza au ya pili pete zitakuwa zimekaa, rudia tena kidogo.

Na hapa wengi hukosea kwa kufuata walichofundishwa kuhusu propela. Glandi ya propela inapozunguka inatakiwa idondoshe matone mawili au matatu kwa dakika, kwa sababu shafti ile inakwenda mbio na maji hayo ndiyo yanayoipoza. Shafti ya usukani haimalizi hata mzunguko mmoja, haina joto la kupoza. Hii iwe kavu kabisa. Mtu akikuambia tone la usukani ni afya ya chombo, mkaribishe chai, usimpe spana.

Yako mambo ya kukataa hata ukipewa bure. Silikoni kwanza: ni dawa ya madirisha ya bafuni. Haishiki kwenye kitu kilicholowa, maji yanatoka nje na kuisukuma kutoka nyuma, na ikishabanduka huacha utelezi ambao hata epoksi haitashika tena. Pakingi nyeusi ya grafaiti, inayopatikana kwa urahisi kwenye maduka ya pampu za viwandani, usiipeleke kwenye maji ya chumvi. Grafaiti ikikutana na chuma chako ndani ya chumvi, kinacholiwa ni chuma chako. Kamba ya katani, hata kama uko Tanga ambako inalimwa, nyuzi zake ni ngumu na hazijazi kikombe. Na usiongeze pete moja mpya juu ya tatu kuukuu zilizokwisha, isipokuwa uko baharini na huna jingine.

Boti yako ikiwa na sili ya mpira au o-ringi badala ya pakingi, maelezo ni mafupi: mpira hauna kukaza, una kubadili. Tumia grisi ya silikoni, kwa sababu grisi ya petroli huvimbisha baadhi ya mipira. Ikiwa ni ule mpira mrefu wa mikunjo unaoshika bomba chini na shafti juu, ufungue mikunjo kwa vidole na utazame ndani ya kila mkunjo, huko ndiko unakoanza kupasuka. Weka klampu mbili kila upande, skrubu zake zikiangalia pande tofauti. Nenda na sumaku dukani. Sumaku ikiing'ang'ania skrubu ya klampu inayoitwa stenlesi, iache hapohapo kaunta.

Kwa ufa wa bomba sitakuficha: hiyo ni kazi ya chelezo, ya siku kadhaa, na si ya kufunika kwa rangi. Kwangua mpaka ufikie faiba safi yenye sauti ngumu ukiigonga, osha chumvi, kausha mpaka uwe na hakika, kisha jenga upya kwa tabaka za faiba na epoksi zinazotambaa mbali kutoka kwenye bomba, na uongeze vibao vya pembeni vinavyolishika bomba kwenye mwili wa boti lisiyumbe. Kwa joto la pwani changanya epoksi kidogo kidogo. Kopo likijaa litaanza kuchemka na kuganda mkononi kabla hujachovya brashi mara ya tatu. Na kama hukujua kwa nini bomba lilipasuka, rudi ukatikise usukani.

Wengi hawana chelezo, wana bamvua, na bamvua la pwani yetu ni neema. Maji hupanda na kushuka mita tatu na nusu hadi nne, na siku za bamvua hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi, Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam, kwa hiyo mwanga wote ni wako. Egesha boti kwenye nguzo imara maji yakiwa yamejaa alfajiri, uzito ukae kwenye mkuku na usukani uning'inie huru. Panda siku ambayo bamvua linakua. Ukipanda siku linapofika kileleni, maji ya kesho hayatafika yalipofika ya leo, na utakaa hapo juu ukizungukwa na kaa mpaka bamvua lijalo, huku watoto wa mtaa wakikuuliza kila asubuhi unaondoka lini.

Ili shafti itoke kwenye bomba, usukani unahitaji nafasi ya kushuka urefu wote wa shafti, na boti iliyokalia mchanga haina nafasi hiyo. Chimba shimo chini yake. Peleka beleshi mbili na vijana wawili, na uanze kuchimba maji yanapokuwa bado kifundoni, maana shimo hujaa maji na mchanga hurudi. Usukani funga kamba kabla ya kuufungua, ni mzito kuliko unavyofikiri na unaangukia miguu.

Na kabla haujashuka, kigingi kiwe tayari. Kichonge kwa mti laini, ncha yake iingie kwenye bomba na kitako chake kisiingie, urefu wa mkono mzima. Maji yakirudi saa saba mchana na bushi mpya haijafika, kigingi hicho ndicho kitakachoifanya boti ielee. Kazi ikiisha, usikitupe. Tangu 2020, kusini magharibi mwa Ulaya, kati ya Ureno na mlango wa Gibraltar, nyangumi wauaji wamekuwa wakizifuata boti za tanga na kuzivunja sukani, na kadhaa zimezama kwa maji yaliyoingia kupitia pale shafti ilipong'olewa au faiba ilipopasukia. Hapa kwetu adui wa usukani ni mwamba usioonekana na gogo linaloelea baada ya mvua, lakini tundu linalobaki ni lilelile.

Shafti ikiwa bado iko mahali pake na maji yanabubujika kando yake, punguza mwendo tezi iinuke, wapeleke watu omo, geuza boti ilalie upande mwingine, kisha chana tyubu ya baiskeli iwe utepe mrefu, ivute kwa nguvu zako zote ukiizungusha pale bomba linapokutana na shafti, juu yake grisi nyingi. Pamba ya kukalafatia iliyosokotwa na kuchovywa mafuta nayo huingia vizuri kwenye kikombe kilichoachwa wazi. Usukani utakuwa mzito, uvumilie hadi bandarini. Shafti ikiwa imeondoka, ni kigingi na nyundo, kwa hiyo vifunge vyote viwili kwa kamba nyembamba kwenye bomba lenyewe, ndani ya stoo ya tezini, pasipo na ndoo wala jaketi juu yake, na umwonyeshe kila anayepanda boti vilipo, hata mgeni wa siku moja.